Nataka uzamili wa usimamizi wa hospitali: MPH, MBA au ile ya Marekani ya mtandaoni?

BARUA

Kwa washauri,

Hamjambo? Mimi ni muuguzi wa miaka 36 katika hospitali ya umma ya ngazi ya 4 upande huu wa magharibi. Nilianza na diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, baadaye nikajiendeleza hadi digrii ya uuguzi, nikapata daraja la pili la chini. Kwa miaka minne sasa nasimamia wodi ya akina mama.

Kazi ya kitandani bado naiheshimu, lakini moyo wangu umehamia upande mwingine. Glavu zikiisha, mimi ndiye ninayezifuatilia stoo. Madai tunayopeleka SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, yakirudishwa, karani huja kwangu na faili tukatafuta kosa pamoja. Zamu zikigongana, ofisi huniuliza mimi. Nimeona nisomee kazi hii ya usimamizi ili niifanye nikiwa na mamlaka.

Shida ni kuchagua. MPH ya Maseno, yaani uzamili wa afya ya jamii, iko karibu na nyumbani. Mwenzangu ananishawishi MBA ya usimamizi wa afya huko Nairobi. Na kuna wakala mjini Kisumu anayeuza digrii ya uzamili ya utawala wa huduma za afya, MHA, ya chuo cha Marekani: mtandaoni, miezi 12, bila tasnifu, na anataka nusu ya karo kabla ya mwezi kuisha ili nipate punguzo. Anasema nikimaliza naweza kuongoza hospitali popote.

Mume wangu anauliza swali moja tu: hiyo karatasi italeta cheo? Nami naogopa jingine. Wenzangu wawili kazini walimaliza masomo ya darasani zamani, lakini tasnifu imewakwamisha na bado wanalipa.

Mshahara wangu wa msingi ni 57,000. Nina mkopo wa sacco wa ujenzi, nakatwa 11,500 kila mwezi, na utakwisha Machi mwakani. Baada ya makato yote nabaki na 24,000 mkononi, na watoto wawili wako shuleni. Nianzie wapi?

Muuguzi, Luanda


JIBU

Dada Muuguzi,

Kabla ya kuchagua chuo, chagua cheo. "Msimamizi wa hospitali" ni jina linalofunika kazi zisizofanana, na kila moja ina mlango wake.

Katika hospitali za umma kuna daktari msimamizi. Kiti hicho kwa kawaida hupewa daktari, na uzamili wa usimamizi peke yake haumfikishi muuguzi pale. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaolipa karo nzima wakiwa na macho kwenye kiti hicho. Kuna afisa wa utawala wa hospitali, anayeshughulikia mikataba, magari, usafi, ulinzi, mafuta ya jenereta, vikao vya bodi na wafanyakazi wasio wa tiba. Hiyo ni kada yenye muundo wake wa utumishi. Kuna meneja wa huduma za uuguzi, ambaye huketi katika kamati ya usimamizi wa hospitali akiwa bado muuguzi. Kuna kazi za idara ya afya ya kaunti: mipango, bajeti, ubora wa huduma, uratibu wa programu. Na nje ya serikali kuna hospitali za misheni na za kibinafsi, ambako meneja mkuu asiye daktari ni jambo la kawaida.

Hapa kuna mtego ambao wakala hatakutajia. Ukihama kutoka kada ya uuguzi kwenda ya utawala, unaweza kupoteza posho zinazoifuata kada ya uuguzi: ya huduma ya uuguzi, ya hatari kazini, ya sare. Mtu anaweza kupanda cheo na mkono ukawa mwepesi kuliko jana. Kwa hiyo chukua hati yako ya mshahara, chora mstari chini ya kila posho, kisha umuulize afisa wa rasilimali watu kwa maandishi: nikibadilishwa kada, ipi itabaki na ipi itaondoka? Usiridhike na jibu la mdomo la kwenye korido.

Sasa kwa swali la mume wako, ambalo ni swali zuri. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, anayeajiri na kupandisha cheo wafanyakazi wa afya wa kaunti ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na kila bodi hutangaza nafasi zake kwa masharti yake. Fungua tovuti za kaunti tano zilizo karibu nawe, tuseme Vihiga, Kisumu, Kakamega, Siaya na Nandi, utafute matangazo ya kazi ya miaka mitatu iliyopita. Kwa kila tangazo la cheo unachokitaka, andika mambo manne: digrii inayodaiwa kwa jina lake, miaka ya uzoefu, kada anayotakiwa kutoka mwombaji, na kozi fupi zinazotakiwa. Baada ya matangazo kumi hivi utaona mwenyewe kama uzamili ni sharti, ni nyongeza, au hautajwi kabisa. Utaona pia kwamba vyeo vya juu mara nyingi hudai kozi ya Kenya School of Government: ile ya usimamizi ya wiki 4, au ya uongozi wa kimkakati ya wiki 6, SLDP. Kuna watu wenye uzamili waliokwama kwa kukosa cheti cha wiki 4. Kama kaunti yako iko tayari kukupeleka kozi hiyo mwaka huu, nenda kwanza.

Tukija kwenye digrii zenyewe, MPH ni shahada ya afya ya jamii. Utasoma epidemiolojia, takwimu, afya ya mazingira, tabia na afya, na usimamizi wa mifumo ya afya ukiwa somo moja au mkondo mmoja kati ya mingine. Ni digrii thabiti na inatambulika kila kaunti, iwe ya Maseno au ya Moi kule Eldoret. Inamfaa anayetaka kuongoza programu au kukaa idara ya afya ya kaunti. Lakini kama kinachokuvuta ni stoo, madai na zamu, muulize mkuu wa idara akuonyeshe orodha ya masomo, na uhesabu mangapi yanagusa fedha, ununuzi na wafanyakazi. Yakiwa chini ya matatu, utahitimu ukiwa unajua kuchunguza mkurupuko wa kipindupindu kuliko kusoma taarifa ya mapato ya hospitali. Jambo jingine: kwa miaka mingi MPH upande huu wa ziwa ilikuwa njia ya kwenda kwenye mashirika ya ukimwi na malaria. Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, miradi mingi ilipunguza watu au kufungwa. Usijenge mpango wako juu ya nafasi hizo peke yake.

Uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya, kama unaotolewa na Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU, ndio uliokaribia zaidi ulichoeleza kwenye barua. Masomo yake mengi ni ya kazi yenyewe: upangaji, fedha za afya, wafanyakazi, ugavi, ubora. MBA ya usimamizi wa afya, kama ile ya Strathmore, ina nguvu upande wa hesabu na mikakati, na hospitali za kibinafsi na za misheni huithamini. Ni ghali, na nauli na malazi ya Nairobi huongeza bei. Kwa mtu anayetaka kubaki serikalini, kwa maoni yetu, bei hiyo ni vigumu kuirudisha.

Kuna pia njia ambayo hukuitaja: uzamili wa uuguzi wenye mkondo wa uongozi na usimamizi. Kama matangazo yatakuonyesha kwamba kiti kinachofikika ni cha meneja wa huduma za uuguzi, njia hii inakuacha kwenye kada yako na posho zako. Haina mvuto wa jina "utawala", lakini tungeitazama kwa makini sana.

Kuhusu daraja lako la pili la chini, usihofu. Vyuo vingi humpokea mwenye daraja hilo akiwa na uzoefu wa kazi wa miaka 2 au zaidi katika fani husika. Unao. Ambatisha barua ya mwajiri inayotaja tarehe na majukumu ya usimamizi, kwa sababu "muuguzi tangu" peke yake haionyeshi kwamba umesimamia wodi.

Kwa huyo wakala, usilipe chochote mwezi huu. MHA yenyewe ni digrii halali na ya heshima. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha programu ya uzamili ya utawala wa hospitali mwaka 1934, na Marekani leo ina programu nyingi nzuri. Programu hizo hukaguliwa na tume iitwayo CAHME, na orodha ya zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti yake. Zipo nzuri zisizo na ithibati ya CAHME, kwa sababu ithibati hiyo ni ya hiari, lakini chuo chenyewe hakina budi kuwa na ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Mwombe wakala vitu vitatu: jina kamili la chuo, jina la chombo kilichokipa ithibati, na akaunti ya karo iliyo kwa jina la chuo. Kisha wewe mwenyewe, si yeye, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na mamlaka ya KNQA inayosimamia viwango vya vyeti kama digrii hiyo itatambuliwa hapa. Digrii ya nje isiyotambuliwa haitaingia kwenye faili lako la kazi hata kama umeifanyia jasho. Punguzo linaloisha mwisho wa mwezi ni haraka ya muuzaji. Chuo hutoa barua ya kukubaliwa kwanza, karo baadaye.

Hata ikiwa halali, fikiria kilichomo. Msimamizi wa hospitali Marekani hufundishwa bima za huko, sheria za huko, na mikataba ya hospitali na madaktari ambayo hapa haipo. Wahitimu wengi huko pia hupitia mwaka mmoja au miwili ya mafunzo ya vitendo ndani ya hospitali chini ya mkurugenzi, na hapo ndipo kazi hujifunzwa. Wewe uliye Luanda mbele ya kompyuta hutaipata sehemu hiyo. Kama unatamani ya nje, afadhali utazame ufadhili unaolipa kila kitu: Chevening hugharimia mwaka mmoja wa uzamili Uingereza kwa mwenye uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kwa sharti la kurudi nyumbani miaka 2, na Jumuiya ya Madola hufadhili uzamili wa masomo ya mbali usiokutoa kwenye familia. Maombi ni ya ushindani mkali, lakini kujaribu hakukugharimu karo.

Tasnifu ndiyo itakayoamua kama utavaa joho, na hofu yako ina msingi. Masomo ya darasani yana ratiba, mitihani na wenzako wa kukusukuma. Siku yanapokwisha, unabaki wewe na wasimamizi wawili wenye wanafunzi wengi, na kila muhula unaopita unadaiwa ada ya kuendelea. Wenzako wawili hawakukwama kwa uvivu. Mara nyingi chanzo ni mada iliyochaguliwa vibaya.

Makosa yanajirudia. Mtu huchagua mada pana kama "mambo yanayoathiri utoaji wa huduma za afya kaunti ya fulani". Anaweka hojaji, anatumia fomula ya sampuli kama alivyoikuta, anapata 384, kisha anagundua hospitali ina wafanyakazi 60. Namba hiyo 384 ni ya idadi kubwa ya watu isiyo na kikomo. Kwa kundi dogo inarekebishwa: gawanya 384 kwa 60, upate 6.4, ongeza 1, iwe 7.4, kisha 384 gawanya kwa 7.4, jibu ni kama 52. Mtahini atakuuliza hilo dakika tano za kwanza. Halafu hojaji zenyewe hujazwa nusu, wengine humjibu msimamizi wao kile anachotaka kusikia, na uchambuzi unatoka hauna uhai.

Wewe una bahati ya kukaa juu ya data. Mfano: kwa nini madai ya upasuaji wa uzazi ya hospitali yenu hurudishwa au huchelewa kulipwa. Kazi ni kupitia kumbukumbu za miezi 6, bila hojaji hata moja. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya awali, Oktoba 1, 2024, viwango vilivyotangazwa vilikuwa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Tuseme mnafanya upasuaji 40 kwa mwezi: hiyo ni 1,200,000. Madai 8 yakirudi, 240,000 zimekwama, na kwa sheria ya FIF ya mwaka 2023, inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao, hizo ndizo fedha za glavu unazozitafuta stoo.

Tengeneza jedwali la safu saba: namba ya siri ya faili uliyoitunga wewe, tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa, tarehe dai lilipotumwa, tarehe lilipolipwa au kurudishwa, sababu iliyoandikwa, kiasi. Utaona mambo usiyoyategemea. Idhini ya awali iliombwa baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji, kwa sababu ilikuwa dharura ya usiku na mwenye nywila alikuwa nyumbani. Muhtasari wa kumruhusu mgonjwa hauna sahihi kwa kuwa mama aliruhusiwa Ijumaa jioni na daktari akarudi Jumatatu. Utambulisho wa alama za vidole haukufanyika kwa sababu mtandao ulikatika. Ugonjwa ulioandikwa kwenye faili na namba ya ugonjwa iliyojazwa kwenye mfumo havioani. Ukijua kwamba nusu ya fedha zilizokwama zinatoka kwenye sababu moja, una tasnifu, na una jambo la kuipelekea kamati ya usimamizi kabla hata ya kuhitimu.

Njia ya vibali ina mpangilio, na ukiuvuruga utarudishwa mwanzo: kutetea pendekezo la utafiti idarani, idhini ya shule ya uzamili, kamati ya maadili ya utafiti (chuo chako kitakuelekeza, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu nayo ina yake), leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, ambayo kwa Mkenya wa uzamili ada yake ni 1,000, barua ya idara ya afya ya kaunti, na mwisho barua ya hospitali. Usikusanye hata faili moja kabla ya maadili kupita, hata kama faili hizo unazishika kila siku kazini. Muuguzi anaruhusiwa kuona faili kwa ajili ya kumtibu mgonjwa. Mtafiti anahitaji ruhusa nyingine. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 taarifa za afya ni nyeti, kwa hiyo jina, namba ya kitambulisho na namba ya SHA visiingie kwenye jedwali lako, na usipige picha rejista kwa simu.

Mada hii ipeleke chuoni siku ya kuomba nafasi, isingoje mwaka wa pili. Uliza nani katika idara anaweza kuisimamia na ana wanafunzi wangapi sasa. Kila zoezi la darasani linaloruhusu, lifanye juu ya mada hiyo hiyo: insha ya fedha za afya iwe sura ya kwanza, zoezi la takwimu liwe jaribio la jedwali lako. Ukikutana na msimamizi, mwandikie siku hiyo hiyo ujumbe mfupi wa mliyokubaliana na tarehe ya kukutana tena. Na uulize mapema kama chuo kinadai makala iliyochapishwa kwenye jarida kabla ya kuhitimu. Majarida yanayochapisha chochote kwa ada ndani ya siku chache hukataliwa, na pesa hairudi.

Fedha. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Theluthi inayopaswa kubaki ya 57,000 ni 19,000. Wewe una 24,000 mkononi, kwa hiyo nafasi yako ya mkopo mpya ni 5,000 kwa mwezi. Mkopo wa 300,000 kwa miezi 48, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, huanza na 6,250 ya deni na 3,000 ya riba, yaani 9,250. Hauingii. Yeyote atakayekuambia ujiunge Januari anakupeleka kwa wakopeshaji wa simu.

Subiri Machi. Mkopo wa ujenzi ukiisha, zile 11,500 usiziache zirudi nyumbani. Zihamishe ziwe akiba ya karo kuanzia Aprili. Kufikia mwisho wa Agosti ni 57,500. Tuseme karo yote ni 320,000 kwa mihula minne, 80,000 kila mmoja (weka karo halisi ya chuo utakachochagua). Muhula wa kwanza unapungukiwa na 22,500. Kila muhula wa miezi sita unaofuata, akiba yako inaleta 69,000, pengo ni 11,000. Kwa mitatu ni 33,000. Ongeza 60,000 za mambo yasiyotajwa kwenye karo: ada ya maadili, NACOSTI, kuchapa na kujalidi nakala, nauli, mahafali. Pengo lote ni 115,500. Mkopo wa 120,000 kwa miezi 36, kwa riba ile ile, huanza na 4,533 kwa mwezi, na utabakiwa na kama 19,467 ya nyumbani badala ya 24,000. Hiyo ndiyo namba ya kuiweka mezani na mume wako, kwa kuwa ni chakula na karo ya watoto. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nayo hutoa mikopo ya uzamili. Linganisha masharti yake na ya sacco yenu, hasa urejeshaji unaanza lini. Kama unaweza kukopa mwaka wa pili badala ya wa kwanza, fanya hivyo.

Uliza pia kuhusu likizo ya masomo yenye mshahara. Ukiipata, kaunti itakutaka utie sahihi mkataba wa kuitumikia kwa muda fulani baadaye, na ukiondoka mapema unalipa. Usome na mume wako kabla ya kusaini. Usipoipata, mtafute meneja wa uuguzi mkubaliane zamu kabla ya muhula kuanza. Anayetoka zamu ya usiku Ijumaa na kuingia darasani Jumamosi asubuhi atakuwepo kwa mwili tu.

Miezi hii ya kungoja usiipoteze. Omba kwa daktari msimamizi uteuliwe kwenye kamati ya ukaguzi na upokeaji wa bidhaa, ambayo iko kisheria chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Hapo utahesabu maboksi, utalinganisha hati ya agizo, hati ya kupokelea na ankara, utaona bidhaa inavyokataliwa kwa tarehe ya mwisho iliyokaribia. Omba pia kushiriki kuandika mpango kazi wa mwaka wa hospitali, na umwombe mhasibu akuonyeshe mara moja kwa mwezi makusanyo, matumizi na madeni. Barua za uteuzi ziweke kwenye faili lako. Kwenye usaili wa bodi, mwenye uzamili na barua hizo hujibu maswali tofauti na mwenye uzamili mtupu.

Cha kufanya wiki hii ni kimoja: barua ya kuomba idhini ya masomo kwa afisa wa rasilimali watu, kupitia kwa mkuu wako, ikitaja digrii, chuo, mwezi wa kuanza na kama unaomba likizo au utasoma ukiwa kazini. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na mahitaji ya mafunzo hukusanywa kabla ya hapo, kwa hiyo barua ya Juni huwa imechelewa. Anayesoma bila idhini hupata taabu cheti chake kuhesabiwa wakati wa kupandishwa cheo. Peleka nakala mbili, igongwe muhuri wa kupokelewa zote, na moja urudi nayo nyumbani.